Nani anajibia? Historia fupi ya imani ya mnunuzi, toka tumbaku ya kiko mpaka sigareti ya umeme



Sigareti ya umeme, yenye wengi wanaita "vepu", bado si kitu cha kila butiki hapa kwetu. Lakini vijana wanaiona kwenye simu kila siku, na maswali yamekwisha kuanza: iko salama ao hapana? Hii ni ya kweli ao ni ya kuiga? Haya maswali si mapya. Watu wameyauliza juu ya tumbaku tangu zamani, na mara nyingi mwenye kuuza ndiye aliyejibu. Nataka tuangalie historia hiyo kidogo, juu inatufundisha jambo moja: sanduku zuri halimlindi mnunuzi. Anayemlinda ni mtu ao ofisi yenye kujibia wakati kitu kimeumiza.

1. Soko la ziwa

Tumbaku si mmea wa kwetu. Ulitoka Amerika, ukaletwa Afrika kwa meli baada ya 1492, na katika karne ya 19 watu wa pande za ziwa Tanganyika walikuwa wanaulima na kuuvuta. Mwaka wa 1858 Richard Burton na John Speke walipita Ubwari kwa mitumbwi wakielekea Uvira. Ndiyo maana ghuba ya Baraka inaandikwa kwa jina la Burton kwenye ramani.

Miaka 16 baadaye, mwaka wa 1874, Verney Lovett Cameron alifika Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Alikuta watu wa soko wanalipana kwa shanga zilizoitwa sofi, zenye kufanana na vipande vya mti wa kiko uliovunjika. Asubuhi kulikuwa na watu wenye mifuko ya sofi, wanabadilishia wanunuzi. Soko likifungwa wanazirudisha, na wanapata faida mara mbili. Kwa hiyo tusiseme wazee walikuwa wanauziana bila hesabu.

Lakini katika soko kama lile mnunuzi wa tumbaku alishika jani kwa mkono, alilinusa, na mara nyingi alijua muuzaji anatoka kijiji gani. Akidanganywa, alijua mlango wa kugonga. Hiyo haikuzuia tumbaku kuharibu mapafu yake. Ilizuia tu udanganyifu. Tuweke tofauti hiyo kichwani, sababu itarudi.

2. Sanduku linachukua nafasi ya mtu

Sigareti ya kiwanda ilikuja na karatasi, sanduku na jina la kampuni. Jani halionekani tena, na aliyelitengeneza yuko mbali. Mnunuzi akaanza kuamini jina.

Mwaka wa 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walitangaza kule Uingereza utafiti wao juu ya wagonjwa wa hospitali: wavutaji walipata kansa ya mapafu kupita wengine. Watu wakaogopa. Kampuni zikajibu namna gani? Ziliuza usalama. Mwaka wa 1952 kampuni Lorillard ya Marekani ilitoa sigareti Kent, yenye chujio ambalo lilisifiwa sana kwamba linalinda afya. Ndani ya chujio lile kulikuwa asbesto, kitu chenye kuleta kansa! Iliendelea hivyo mpaka 1956. Watu walilipa ili walindwe, kumbe wanavuta sumu nyingine juu ya ile ya kwanza.

Tarehe 4 Januari 1954 kampuni kubwa za tumbaku za Marekani zilitoa tangazo katika magazeti zaidi ya 400, zikisema kwamba afya ya wateja ndiyo inatangulia biashara zao. Ilipita zaidi ya miaka 50. Mwaka wa 2006 jaji Gladys Kessler, kule Washington, aliamua kwamba kampuni hizo zilidanganya watu kwa miaka mingi, hata kwa maneno kama "nyepesi" kwenye sanduku. Jina kubwa, basi, si garanti kama hakuna mwenye nguvu ya kuliuliza.

3. Vepu inaingia

Sigareti ya umeme ya leo ilitokana na kazi ya Hon Lik, mfamasia wa China. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji, na baba yake alikufa kwa kansa ya mapafu. Mwaka wa 2003 aliandikisha kifaa chake; mwaka uliofuata kikaanza kuuzwa China. Betri inapasha moto maji yenye nikotini, na mtu anavuta mvuke. Hakuna jani linaloungua, kwa hiyo moshi wa tumbaku haupo. Kwa mvutaji wa zamani mwenye anaacha sigareti kabisa, hiyo inaweza kupunguza madhara. Kwa kijana mwenye hakuvuta hata siku moja, ni mlango wa kuwa mtumwa wa nikotini.

Mwaka wa 2019 Marekani ilipata somo kali. Vijana wenye afya walianza kufika hospitali na mapafu yaliyoharibika. Mpaka tarehe 18 Februari 2020 kulihesabiwa wagonjwa 2,807, na 68 walikufa. Wengi walikuwa wamevuta mafuta ya bangi katika vifaa hivyo, waliyoyapata kwa marafiki ao kwa wauzaji wa kando. Watafiti walichunguza maji ya mapafu ya wagonjwa 51. Katika 48 walikuta asetati ya vitamini E, mafuta yaliyotumiwa kuongeza unene wa dawa ile. Jina lililotajwa sana na wagonjwa lilikuwa "Dank Vapes". Sanduku lilikuwa zuri sana, lakini nyuma ya jina hakukuwa kampuni ya kweli: masanduku matupu yalinunuliwa kwenye intaneti, kila mtu akajaza chake.

Kwa hiyo nani alijibia? Hakuna mtu.

4. Na sisi?

Sisi wa kilimo tunaijua nikotini kwa jina lingine: dawa ya wadudu. Marekani waliiuza kwa wakulima kwa jina la Black Leaf 40. Inapita hata kwenye ngozi. Wavunaji wa tumbaku wanaoshika majani yenye maji wanapata kizunguzungu na kutapika. Chupa ndogo ya maji ya vepu ikimwagika mbele ya mtoto, si mchezo. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya 2014, uliweka mpaka wa miligramu 20 za nikotini kwa mililita moja, na kifuniko chenye mtoto hawezi kufungua. Uganda, jirani wetu, ilikataza kabisa biashara hiyo kwa sheria ya tumbaku ya 2015.

Kongo ilikubali mkataba wa dunia juu ya tumbaku mwaka wa 2005, na ina sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018. Tuna pia OCC ya kukagua vitu vinavyoingia. Lakini mzigo unaopita ziwani ao milimani bila kuonekana na mkaguzi, karatasi yake ni mdomo wa mwenye kuuza.

Basi, kabla ya kutoa franga, tuulize: nani ametengeneza, na anapatikana wapi? Nikotini ni miligramu ngapi? Betri ikivimba kama zile za simu tunazozijua, ao mtu akigonjwa, narudi kwa nani? Mwenye kuuza akijibu tu "ni orijino", hajajibu kitu. Na wale kati yetu wenye kufanya biashara: andikeni mzigo ulinunuliwa kwa nani na tarehe gani, hata kwenye kayée ya kawaida. Siku mteja akirudi na malalamiko, kayée ile ndiyo itaonyesha kwamba mnajibia vitu vyenu.