Herufi mbili za Kenya: safari ya .ke hadi mikokoni Gazi

Mikoko ya Gazi, huku pwani ya Kwale, inajulikana mbali sana kuliko ukubwa wa kijiji chenyewe. Tangu Oktoba 2013, wakazi wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakiuza kaboni inayofyonzwa na hekta 117 za mikoko wanayoilinda. Mradi wao, Mikoko Pamoja, ulipata Tuzo ya Equator mwaka 2017, na mapato yake yameleta maji na vifaa vya shule. Lakini mtu akitaka kuusoma mradi huo mtandaoni, hupelekwa kwenye tovuti ya ACES, shirika la hisani la Scotland linalouza kaboni hiyo kwa niaba ya wanakijiji, na anwani ya tovuti hiyo inaishia .co.uk. Mnunuzi wa Edinburgh haoni ajabu yoyote. Mimi mtu wa pwani nikiitazama anwani hiyo, nataka kujua jambo moja: kwa nini jina la mikoko yetu limeandikishwa kwenye daftari la Waingereza?

Gazi haiko peke yake. Serikali ya Kaunti ya Kwale, iliyozaliwa na katiba mpya na uchaguzi wa 2013, kwa miaka mingi ilijulikana kwa anwani ya kwalecountygov.com, ingawa serikali za Kenya zina mkia wao wa anwani, .go.ke. Base Titanium, kampuni iliyochimba madini Kwale hadi mwisho wa 2024, ilitumia .com. Hoteli za Diani nazo, nyingi ni .com, kwa sababu mgeni wa Ujerumani au Italia huandika herufi hizo bila kufikiri. Kila mmoja ana sababu yake, na sababu nyingine ni nzuri. Hata hivyo .ke, mkia wa Kenya, ina historia ambayo watu wa pwani hawajasimuliwa vya kutosha, na anayefungua tovuti leo angefanya vyema kuijua kabla ya kulipa.

Mikia ya kwanza iliwekwa Marekani mwaka 1984, intaneti ikiwa bado mali ya watafiti na jeshi: .com kwa biashara, .org kwa mashirika, .edu kwa vyuo, .gov na .mil kwa serikali na majeshi yao. Kampuni ya kwanza kuandikisha .com ilikuwa Symbolics, Machi 1985. Nchi nyingine zilipoanza kuingia, Jon Postel, mtu aliyekuwa akitunza daftari zima la majina, alihitaji orodha ya nchi, na hakutaka kugeuka hakimu wa kuamua ipi ni nchi na ipi si nchi. Akachukua orodha iliyokuwapo tayari, ile ya ISO, shirika la kimataifa la viwango, iliyotolewa mwaka 1974, ambamo kila nchi ina herufi mbili. Kenya ilikuwa KE. Tanzania, TZ.

Uamuzi huo uliokoa ugomvi mwingi, ila uliacha watu nje. Zanzibar ni mfano ulio karibu nasi. Kwenye magari yanayovuka mipaka ina alama yake, EAZ, kama Kenya ilivyo na EAK na Tanzania Bara EAT. Kwenye orodha ya ISO haimo, kwa hivyo mtandaoni inaishi ndani ya .tz. Na waliomo nao hawana hakika ya kubaki. Zaire ilikuwa na .zr. Mobutu alipoanguka mwaka 1997 na nchi ikarudi kuitwa Kongo, mkia mpya ukawa .cd, na .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001. Kila anwani iliyokuwa chini yake ilikwenda nayo.

Kumbukumbu ya .ke katika IANA, ofisi inayotunza daftari la mikia yote ya dunia, ni fupi ajabu. Inaonyesha tarehe ya kuandikishwa: 29 Aprili 1993. Aliyekabidhiwa usimamizi alikuwa Dkt. Shem Ochuodho, mtaalamu wa kompyuta ambaye baadaye, mwaka 1997, alichaguliwa kuwa mbunge wa Rangwe. Upande wa ufundi aliandikwa Mmarekani Randy Bush, aliyebeba kazi kama hiyo kwa nchi kadhaa za Afrika wakati ambapo nchi hizo hazikuwa na mitambo wala laini za kuaminika. Basi ni hivyo: jina la taifa zima la Kenya kwenye intaneti lilikuwa mikononi mwa watu wawili, na lilisimama kwa kujitolea kwao. Wanastahili kukumbukwa kwa shukrani. Mwaka huo wa 1993, Shirika la Posta na Simu bado lilikuwa na ukiritimba wa mawasiliano yote nchini, na katika sehemu nyingi za Msambweni simu yenyewe ilikuwa kitu cha kutafutwa mbali.

Shirika hilo lilivunjwa mwaka 1999. Sheria ya mawasiliano ya 1998 ililigawa shirika lile: Telkom ikaachiwa simu, Posta ikaachiwa barua, na Tume ya Mawasiliano, CCK, ikawekwa kuwa msimamizi. Ugomvi ukazuka kwingine. Kwa miaka hiyo barua pepe ya Ukunda kwenda Nairobi ilipanda setilaiti, ikapita Ulaya au Marekani, ndipo irudi nyumbani, na kila hatua ya safari hiyo ililipiwa kwa fedha za kigeni. Novemba 2000 kampuni za intaneti zilifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data humu nchini. Telkom ililalamika, CCK ikakifunga. Kilifunguliwa tena Februari 2002 baada ya mabishano marefu, na mabishano hayo yaliwafundisha wataalamu wa Kenya, kampuni na serikali kukaa meza moja.

Kutoka kwenye meza hiyo ndipo ilipozaliwa KeNIC, shirika lisilo la kutafuta faida, ambamo serikali, kampuni za intaneti, vyuo na watumiaji wote wana kiti. Desemba 2002, mwezi uleule ambao Wakenya walimchagua Mwai Kibaki, maombi ya kuihamisha .ke kutoka kwa watu binafsi kwenda kwa shirika hilo yalikubaliwa. Huu kwangu ndio mlango mkubwa wa historia hii. Daftari likawa na ofisi Nairobi, na bodi inayoweza kuulizwa maswali. Sheria za Kenya nazo zikaligusa: leo Mamlaka ya Mawasiliano, mrithi wa CCK, ndiyo yenye jukumu la kusimamia .ke kisheria.

KeNIC iliupanga mkia huo kwa vyumba. Biashara ni .co.ke, mashirika yasiyo ya faida ni .or.ke, serikali .go.ke, vyuo .ac.ke, shule .sc.ke, mtu binafsi .me.ke. Vyumba vya serikali na elimu havifunguki bila karatasi za kuthibitisha wewe ni nani. KeNIC yenyewe inakaa .or.ke. Tangu 2017 mtu anaweza pia kuchukua jina fupi linaloishia .ke tu, na majina yote chini ya mkia huu sasa yamepita laki moja. Mwaka huohuo wa 2017 .africa nayo ilifunguliwa, baada ya kesi ya miaka kadhaa kati ya shirika la Afrika Kusini lililoungwa mkono na Umoja wa Afrika na DotConnectAfrica ya Sophia Bekele.

Sasa chukua kina mama wa Gazi wanaoendesha daraja la mbao mikokoni. Mgeni hupita juu ya matope, akaonyeshwa mkoko, mkandaa na mchu, akaelezwa upi hujengea nyumba na upi hutengeneza mashua, kisha akaandaliwa chakula. Wakitaka tovuti yao wenyewe, watachagua nini?

Fundi wa mjini atawaambia .com, kwa kuwa ndiyo anayoijua. Mfadhili atawaambia .org. Ajue yeyote anayependekeza .org kwamba mwaka 2019 shirika linaloitunza lilikubali kuuzwa kwa kampuni ya uwekezaji, Ethos Capital, kwa zaidi ya dola bilioni moja. Mashirika ya hisani duniani yalipiga kelele yakihofia kupandishiwa ada, na ICANN, shirika la kimataifa linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti, iliizuia biashara hiyo tarehe 30 Aprili 2020. Vijana wa teknolojia nao wanapenda .io, ambayo ni herufi za eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, yaani visiwa vya Chagos, ambavyo wenyeji wake walihamishwa kwa nguvu. Oktoba 2024 Uingereza ilitangaza makubaliano ya kuvirudisha kwa Mauritius, na tangu hapo watu wamekuwa wakijiuliza .io itaishia wapi. Aliyesoma habari za .zr ataelewa kwa nini wanajiuliza.

Kwa kina mama hao ningechagua .or.ke, au .co.ke wakiona kazi yao ni biashara, na sioni haya kuwashawishi. Ada yake kwa mwaka huwa karibu shilingi elfu moja, huweza kulipwa kwa M-Pesa kwa wakala aliyesajiliwa na KeNIC, na mzozo ukitokea watasikizwa Kenya. Mwenye .com akidaiwa jina huingia katika utaratibu wa kimataifa, na kesi nyingi za namna hiyo huamuliwa na shirika la miliki ubunifu la Umoja wa Mataifa, Geneva. Tena kibao kikibandikwa kando ya barabara ya Likoni kwenda Lungalunga kikiwa na .ke, mpita njia anajua papo hapo kwamba wenye jambo wako hapa. Wageni wa ng'ambo hawatapotea. Wengi hufika kwa kutafuta neno, si kwa kuandika anwani.

Lakini kabla ya herufi kuna safu moja kwenye fomu ya usajili ambayo vikundi vingi vya pwani huipita haraka: jina la mmiliki. Mara nyingi huandikwa jina la kijana aliyetengeneza tovuti, pamoja na barua pepe yake. Akienda Qatar kutafuta kazi, au akikosana na mwenyekiti, notisi ya kulipa ada huenda kwake, muda unapita, na jina linarudi sokoni. Fomu iandikwe jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, barua pepe iwe ya kikundi, na neno la siri walijue viongozi zaidi ya mmoja. Kisha waende kwenye ukurasa wa KeNIC wa kuangalia majina, waandike anwani yao, na wasome kwa macho yao kilichoandikwa.