Kumzuru Shaaban Robert Kazini

Anayetaka kumzuru Shaaban Robert huelekezwa Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Huko Vibambani ndiko alikozaliwa tarehe 1 Januari 1909, na Machui ndiko alikozikwa mwaka 1962. Dua kaburini haihitaji idhini ya mtaalamu. Lakini ikiwa nia ni kuyaelewa maandishi, kitovu na kaburi havitufikishi mbali, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi zake aliitunga akiwa mtumishi wa serikali. Kuanzia 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, Pangani ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Kisha akahamishiwa idara ya wanyamapori, na baadaye ofisi ya wilaya na ofisi ya upimaji, Tanga. Waskoti nao humkumbuka zaidi mshairi wao Robert Burns kama mkulima, ilhali miaka yake ya mwisho alikuwa ofisa wa ushuru.

Ndiyo maana naona Holili, mpakani na Taveta, panafaa kuanzia ziara. Sidai kwamba pamo katika wasifu wake. Kinachoonekana hapo ni kazi yenyewe: lori limesimama, wakala wa forodha amekumbatia jalada, ofisa analinganisha ankara na shehena, neno kwa neno, na neno lisilolingana na mzigo linaweza kumlaza dereva mpakani. Tangu kituo cha pamoja kianze mwaka 2016, maofisa wa Tanzania na Kenya hukagua chini ya paa moja, lakini swali ni lile lile: je, ulichotamka ndicho ulichobeba? Ukitoka hapo ukaisoma riwaya yake Kusadikika, ambamo Karama anajibu mashtaka ya waziri Majivuno kwa kuleta habari za mjumbe mmoja baada ya mwingine, huoni tena hadithi ya mafumbo tu. Unaona pia akili iliyozoea kupima madai kwa ushahidi.

Mpinzani atasema natia chumvi. Nitamtajia hadithi yake nyingine, Adili na Nduguze, ambayo huanza na kodi ya Janibu iliyochelewa, naye Ikibali akatumwa kuifuata. Lakini, atajibu, kisa hicho asili yake ni Alfu Lela u Lela, wala hakikuzaliwa mezani pa karani. Ni kweli, na ushahidi huo peke yake ni dhaifu. Hata hivyo, anayesimulia upya huchagua cha kubakiza, na huyu aliibakiza kodi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ofisi huzaa makarani wengi na washairi wachache. Nalo nalikubali: ziara haielezi kipaji. Inaeleza masharti ambayo kipaji kilifanyia kazi, yaani uhamisho, mshahara na amri ya mkubwa, mambo ambayo wasifu wake mwenyewe na barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 hutusaidia kuyafuatilia. Basi msafiri ateremke kutoka Holili kupitia Himo, Same na Korogwe hadi Tanga, apite Machui bila haraka, kisha aendelee hadi Pangani, barua zikiwa mkononi, azisome kwa mfuatano wa tarehe zake.