Mufwankolo na michezo isiyoandikwa

Mpenzi wa teatre huku Butembo au Beni, ukitaka kujua Kiswahili cha Kongo kilivyopanda jukwaani, itakubidi uteremke hadi Lubumbashi. Huko Odilon Kyembe Kaswili alichekesha watu kwa miaka mingi kwa jina la Mufwankolo, na kundi lake likaitwa jina hilo hilo. Jukwaani alikuwa Mufwankolo, redioni Mufwankolo, na kwenye televisheni ni yeye yule, pamoja na mwigizaji mwenzake Bibi Kawa. Waliigiza madeni, pombe na ugomvi wa ndoa kwa Kiswahili cha mtaani, kile ambacho walimu wetu wangekipiga mistari myekundu.

Michezo yao haikuandikwa. Walikaa, wakakubaliana kisa, wakagawana nafasi na kufanya mazoezi. Maneno kila mmoja aliyatoa kichwani mwake. Hiyo si kazi ya mvivu. Mwenzako akigeuza sentensi, nawe ugeuke naye papo hapo.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, Mjerumani aliyefundisha chuo kikuu cha Lubumbashi kati ya 1972 na 1974, alilifahamu kundi hilo tangu wakati huo. Aliporudi mwaka 1986, rafiki zake walimpa firigisi ya kuku, heshima ya mgeni, wakamwambia kwa Kifaransa kwamba mamlaka huliwa mazima. Akawauliza waigizaji wa Mufwankolo maana ya msemo huo. Wakatunga mchezo mzima wenye jina la msemo wenyewe, "Le pouvoir se mange entier", na televisheni ikaupiga picha katika kijiji cha Kawama. Kisa chake kilihusu chifu wa kijijini. Enzi ile ya Mobutu, nadhani hakukuwa na njia salama zaidi ya kuzungumzia wakubwa hadharani.

Fabian alinasa mazoezi kwenye kanda, akayaandika neno kwa neno na kuyachapisha mwaka 1990 katika kitabu "Power and Performance". Inauma kidogo kwamba ilihitaji mgeni. Lakini bila kanda zile, mazoezi hayo tungeyasikia wapi leo?

Basi ombi langu ni kwa redio za Butembo, Beni na Oicha: kanda za michezo ya kuigiza mlizonazo, za Kiswahili na za Kinande, zihamishieni kwenye kompyuta kabla unyevu haujazimaliza. Na majina ya waigizaji yaandikwe, maadamu wangali hai watu wa kuulizwa.