Waonao Kabla ya Kuonwa

Mtu atokaye Mazeras akielekea Kaloleni huiona minazi na mikorosho, wala hapana cha kumwambia kwamba katika mwitu wa jirani, uitwao Kaya Fungo, serikali ya Kiingereza iliwasha baruti mwaka 1914 ikidhani inavunja ngome, ilhali wengi wa wenye ngome walikwisha kuihama zamani. Kosa hilo ndilo lililonipa kutafakari kazi ya wale askari wachache ambao majeshi huwateua kwa hadhari, wakatangulia mbele ya wenzao bila ngoma wala bendera, waone pasipo kuonwa, kisha warejee na habari.

Wazee wa Kigiriama waliijua kazi hiyo kabla ya serikali yoyote kufika. Mwitu waliuacha ukue pande zote za kaya, yaani kijiji chao chenye ngome, na njia za kuingilia wakazifanya chache, nyembamba, zenye malango, ili Mgala ajaye kwa shari asipate kuiona hata nyumba moja kabla hajaonwa yeye. Lakini katika karne ya 19, hofu ilipopungua na ardhi ikahitajiwa, watu walitawanyika kaskazini hadi kuuvuka Mto Sabaki, na kaya ikabaki kuwa mahali pa wazee, pa maziko na pa viapo.

Ndipo mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, pamoja na Wanje wa Mwadorikola, walipowakusanya watu huko, wakaapizana wasitoe kodi wala vijana wa kufanya kazi ya serikali. Mwezi wa Oktoba wakakamatwa, wakahamishiwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Na Januari 1914 wakatoroka, wakarejea kwao, wasikamatwe tena hadi Agosti. Mwanamke mtu mzima na mzee mwenziwe, ambao hapana chuo cha vita kilichowafunza, walipita nchi nzima yenye maboma na askari. Nami sidhani kwamba kikosi cha wapelelezi mahiri kingeweza kudai kimefanya zaidi.

Arthur Champion, aliyekuwa mtawala wa Wagiriama, alitaka vijana, na zaidi walipohitajiwa wapagazi. Kaya ikalipuliwa katika siku zile zile Uingereza ilipotangaza vita na Ujerumani. Lau mtu mmoja mwenye macho angalitumwa kwanza akalale vijijini, angaliwaambia wakubwa kwamba kiapo hakikai katika mti wala katika lango. Badala ya vita kwisha, ndipo vilipoanza: mishale kwa bunduki, nyumba zikateketezwa, mbuzi wakachukuliwa, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kuamriwa kuiacha ardhi yao ya ng'ambo ya Sabaki.

Ajabu ni kwamba katika miezi hiyo hiyo, kusini ya Mombasa, Waingereza hao hao walikuwa na macho mema. Arthur Wavell, mwenye shamba la mkonge Nyali, alikuwa amekwenda Makka mwaka 1908 akijifanya Mzanzibari, akifuatana na Masaudi, Mswahili wa Mombasa. Kwa hiyo vita vilipozuka alijua ni watu gani wa kuwaandika. Aliunda kikosi cha Waarabu wa pwani, wakaishika njia ya Vanga, wakapeleleza nyendo za Wajerumani waliotoka upande wa Tanga, na kuwazuia Gazi mpaka msaada ukafika. Hawakuwa wengi, bali lugha ya njia na ya visima waliielewa, na jambo hilo halinunuliwi kwa rupia.

Hata hivyo bahati ya kazi hii ni nyembamba kama njia ya kaya. Januari 1916, karibu na Mwele, Wavell aliongoza watu wake wakaingia katika mavizio ya Wajerumani, akauawa yeye na baadhi ya askari wake. Siku hiyo yeye ndiye aliyeonwa kabla hajaona.