Besi Ambayo Redio ya Mjomba Haikuitoa

Nimeuza amplifaya. Nimeuza na spika mbili zilizokuwa zinanifika kiunoni, na zile waya nilizonunua kwa bei ya mbuzi watatu nimempa jirani anayefunga muziki kwenye harusi. Nimebaki na simu, redio ndogo na sabufa ya kawaida, ileile inayolia kwenye kila saluni ya mtaani. Wenzangu wa kundi letu la wapenda sauti safi wameniuliza kama nimefilisika. Sijafilisika, na wala sijutii miaka ile. Ila sababu zangu zinapita Mikese, Morogoro mjini na hata Havana, kwa hiyo naziandika hapa mara moja nisirudie kuzieleza kwenye simu.

Kwa asiyeujua ugonjwa huu (wenyewe tunauita hivyo, kwa mapenzi), mambo yake ni haya. Unanunua spika nzuri, zinakuonyesha udhaifu wa amplifaya. Unabadilisha amplifaya, sasa waya ndiyo mbovu. Ukimaliza waya unaambiwa chumba chako kina kuta tupu, sauti inagonga na kurudi, tafuta mapazia mazito. Na kila hatua unahitaji nyimbo za kupimia, yaani nyimbo zilizorekodiwa vizuri mno kiasi kwamba chombo kikikosea unajua ni chombo. Karibu zote zilitoka Marekani na Ulaya. Jioni moja mwenzetu alikuja kwangu, nikamwekea Mbaraka Mwinshehe. Alisikiliza kama dakika moja, akasema, "Kaka, hii rekodi mbovu. Toa."

Sikutoa. Lakini neno lile lilinikaa, maana mimi ni mtu wa Morogoro kwa mama, na kwa Waluguru kwa mama ndiko kwenu. Je, ni kweli Mbaraka ni rekodi mbovu? Mbovu kwa kipimo cha nani, na kwa masikio gani?

Tuanze na jinsi zilivyotengenezwa. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Tanganyika Broadcasting Corporation mwaka 1956, kisha mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania. Mpaka stesheni binafsi zilipoanza katika miaka ya 1990, hiyo ndiyo ilikuwa redio ya Tanzania Bara, basi. Bendi ikitaka kusikika ilikwenda studio yao Dar es Salaam, ikapanga vyombo, ikapiga wote kwa pamoja kama ukumbini. Vipaza sauti vilikuwa vichache. Mpiga tarumbeta akiteleza mwishoni mwa wimbo, mnaanza upya au mnaacha hivyohivyo. Na nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Aliyetaka santuri alivuka kwenda Nairobi au Mombasa, na ndivyo alivyofanya Mbaraka, ambaye nyimbo zake nyingi tunazozijua zilitoka Kenya kwenye visahani vidogo vya mizunguko 45 kwa dakika. Mwaka 1977 mpaka ukafungwa, na njia hiyo ikawa nyembamba zaidi.

Sasa sikiliza upande wa pili, wa anayepokea. Sikio la kijana mzima husikia mpaka hezi 20,000 hivi. Matangazo ya mawimbi ya kati, yale ambayo babu zetu waliyapata kwa kuzungusha kitufe polepole, kwa kawaida hayakupitisha sauti za juu zaidi ya hezi 5,000 hivi. Robo tatu ya kile ninachokilipia mimi kwenye spika za bei mbaya haikuwahi kusafirishwa. Lakini robo iliyobaki si ya kudharau. Sauti ya mtu anayeimba inaingia humo karibu yote. Gitaa la solo, hata ukipanda mpaka mwisho wa shingo yake, noti yenyewe haifiki hezi 1,500. Kinachopotea ni ule mng'ao wa juu yake. Solo la Mbaraka, lile linalozungumza kama mtu anayebishana na mkewe kwa upole, lilifika kijijini likiwa zima.

Kilichobaki njiani ni besi. Uzi mnene wa gitaa la besi hutoa hezi 41. Spika ya redio ndogo, upana wa kiganja, haiwezi kuitoa sauti hiyo hata ukiiomba. Na bado watu walicheza! Jambo hili lina maelezo yake: noti moja huzaliwa na ndugu zake, sauti za juu zinazofuatana kwa hesabu maalumu, na ubongo ukisikia wale ndugu unamjazia mwenyewe yule mkubwa aliyekosekana. Watu wa Mikese walisikia besi ambayo redio haikuitoa. Waliitengeneza vichwani mwao, kila mtu ya kwake, bure.

Mikese kwa wasiopajua ni pale kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam, kama kilomita thelathini kabla hujaingia Morogoro, Milima ya Uluguru ikiwa imeanza kukujia upande wa kushoto. Reli ya Mjerumani ilipita hapo ikielekea Morogoro, ambako ilifika mwaka 1907. Mjomba wangu amekaa hapo maisha yake yote. Redio yake ya kwanza ilining'inia kwenye msumari juu ya mlango, si kwa urembo, ila sehemu nyingine yoyote ilikoroma. Betri zikichoka alizianika juani, kama watu wote, zikapata uhai wa nyimbo mbili tatu. Enzi za uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyimbo hizo mbili tatu zilipangiwa. Taarifa ya habari ilizimwa katikati ili betri zifike kwenye kipindi cha salamu.

"Mpwa wangu," aliniambia nilipompelekea vipokea sauti vyangu vya masikioni ajaribu, "humu mna mtu anakohoa."

Kweli yupo. Nilikuwa namjua yule mkohoaji miaka minne, nilijivunia kumgundua. Mjomba alivua vile vipokea sauti akanirudishia, akaendelea kuimba wimbo wenyewe kuanzia pale ulipokuwa umefika, na pale ambapo solo linaingia akalipiga kwa mdomo. Alikosea noti moja. Mimi, niliyekuwa nimeusikiliza wimbo ule kwa vyombo vya mamilioni, nisingeweza kulipiga hata nusu.

Ukirudi nyuma zaidi hali ni hiyohiyo, tena kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya Kiingereza ya EMI ilianza kuuza Afrika santuri za mfululizo ulioitwa GV, nyingi zikiwa muziki wa Kuba. Zilikuwa zile sahani nzito za mizunguko 78, dakika tatu na kitu kila upande, zikichanwachanwa na sindano za chuma. Bandari zilizipokea, bara ikazifuata, na katika mji usio na bandari, huu tunaouita mji kasoro bahari, kijana Salum Abdallah alizisikiliza mpaka akaunda bendi na kuiita Cuban Marimba. Inasimuliwa kuwa aliwahi kutoroka nyumbani aende Kuba kwenyewe, akaishia Mombasa. Hata kama imetiwa chumvi, naipenda, maana inaonyesha kile kelele za sindano zilishindwa kukizuia.

Fikiria alichokuwa nacho: sahani inayokwaruza, lugha asiyoijua, ngoma ambazo hajawahi kuziona zikipigwa. Mashimo matupu. Aliyajaza kwa Kiswahili na kwa Morogoro, na hicho alichojazia ndicho tunachokiita leo dansi letu la zamani. Mimi naamini, na hapa ni mimi tu, kwamba angekuwa na chombo cha kumwonyesha kila kitu kilichokuwa Havana angeishia kuiga.

Mji ule mdogo ulibeba bendi mbili zinazotazamana kwa jicho la wivu. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka. Mwaka 1970 ikapelekwa Japani kuiwakilisha nchi kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Osaka. Kwa hiyo walifika kwa watengenezaji wa redio zenyewe! Mwaka 1973 Mbaraka akaondoka na kuunda Super Volcano. Salum Abdallah alikwishafariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Juma Kilaza akaishika Cuban Marimba. Mbaraka naye ajali ya gari ilimchukua Januari 1979, huko Mombasa. Barabara zilizowapeleka kurekodi na kupiga ndizo zilizowaua.

Wasomaji wa hapa wengi mmeisoma Wasifu wa Siti Binti Saad ya Shaaban Robert. Siti alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na santuri zile leo zinasikika kama mtu anayeimba nyuma ya mvua. Kitabu hakina sauti hata moja, lakini ukikifunga una Siti kichwani. Ni ileile besi ya redio ya mjomba.

Nisieleweke vibaya, maana wenzangu wataruka hapa. Kuna mahali sauti safi ni wajibu. Kanda za Radio Tanzania, maelfu kwa maelfu, ziko kwenye jengo la Barabara ya Nyerere chini ya Shirika la Utangazaji. Kanda ya sumaku haipendi joto wala unyevu, na Dar es Salaam ina vyote viwili. Ili kuihamisha kwenye kompyuta lazima uipige yote, wimbo wa dakika sita unakula dakika sita, kwenye mashine iliyosafishwa na fundi anayejua anachofanya. Hapo nataka vifaa vya bei mbaya na masikio yenye kujidai, na yule mwenzetu aliyesema "toa" ningempeleka kesho, nina uhakika angeifanya kazi ile vizuri kuliko mimi. Mbele ya kanda ile hakuna nafasi ya kujazia. Kisipohamishwa leo, mjukuu hatakuwa na shimo wala ukingo wake.

Ila sebuleni kwangu si ghala la kumbukumbu.

Siku hizi Mikese treni ya umeme inapita kasi, tangu mwaka 2024, na malori ya Zambia na Kongo yanasubiri zamu ya mizani. Karibu na hapo kuna kijana mwenye kompyuta mpakato iliyovunjika bawaba, anajaza nyimbo kwenye flashi za madereva. Singeli, injili, bongo fleva, kila kitu na faili lake. Faili la Mbaraka ameliandika ZA WAZEE, na nyimbo zimebanwa hadi zimebaki mifupa. Nikamuuliza Salum Abdallah. Hakuwa naye, wala jina hakulijua. Nikamrushia tatu kutoka kwenye simu yangu, akazipiga palepale kwa spika ya kompyuta, akatikisa kichwa, akazitupia kwenye faili. Juzi amenipigia kuniambia ile ya pili imeombwa na madereva wawili, na kwamba mmoja wao anaulizia kama zipo nyingine.