Mwenzake, si rika lake

Waelimishaji rika tumewazoea. Tangu enzi za kampeni za UKIMWI tumewaona vijana wakifunzwa kuzungumza na vijana wenzao juu ya kupima, kujikinga na kumeza dawa bila kukatiza. Neno lilikaa vizuri, maana rika ni watu wa umri mmoja, waliokua pamoja na, kwa makabila mengi, waliotiwa jandoni pamoja. Ndiyo sababu mtafsiri akikutana na istilahi ya Kiingereza "peer support" katika habari za askari wenye majeraha ya vita yasiyoonekana, mkono unakwenda wenyewe: msaada wa rika. Mimi pia nimeandika hivyo. Siandiki tena.

Istilahi hii ina historia, na kipande kimoja kikubwa cha historia hiyo kinapitia Kigali. Mwaka 1994 Jenerali Roméo Dallaire wa Canada aliongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda. Mauaji ya kimbari yalipoanza, alipunguziwa askari badala ya kuongezewa: tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama liliamua wabaki 270 tu. Waliobaki walishuhudia watu wakichinjwa huku amri na uchache wao vikiwafunga mikono. Miaka sita baadaye, katika mwaka uleule aliotolewa jeshini kwa sababu za kiafya, Dallaire alikutwa kwenye bustani ya mji wa Hull, ng'ambo ya mto kutoka Ottawa, hajitambui kwa pombe aliyoichanganya na dawa. Huyu alikuwa jenerali. Koplo mwenye maumivu hayohayo angekutwa wapi, na nani angejali kumtafuta?

Ofisa mwingine wa Canada aliyetumikia Rwanda, Stéphane Grenier, alirudi nyumbani na mzigo wa namna hiyo. Mwaka 2001 alianzisha mpango wa askari kusaidiwa na askari waliokwisha kupita njia ileile, unaoendeshwa kwa pamoja na wizara ya ulinzi ya nchi hiyo na ile inayohudumia wanajeshi wa zamani. Ni yeye pia aliyelipa tatizo lenyewe jina jipya, "operational stress injury". Uzito wote umo katika neno la mwisho. Jina la kitabibu, lililoingia katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, linazungumzia hitilafu, yaani kitu kilichoharibika ndani ya mtu. Grenier akasema hapana, ni jeraha.

Msomaji wa Kiswahili ataiona tofauti hiyo mara moja. Jeraha lina aliyejeruhi au kilichojeruhi. Aliyelipata ni majeruhi, hukaa katika orodha moja na aliyepoteza mguu, na hakuna anayemcheka. Ila askari akiambiwa ana ugonjwa wa akili, mtaa mzima husikia kichaa, na nyumbani watu huanza kuulizana amerogwa na nani. Hapo mtu hujificha. Jeshi la Uingereza lilipita pabaya zaidi: mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika katika jarida la Lancet juu ya askari waliovurugwa akili baada ya mizinga kulipuka karibu nao, na bado katika vita hiyo, ile ya kwanza ya dunia, askari 306 walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa utoro, uoga na makosa ya aina hiyo. Walisamehewa mwaka 2006. Kwa wengi wao hatutajua kamwe nani alikuwa mtoro na nani alikuwa majeruhi.

Basi jeraha libaki. Ugumu upo katika maneno mengine mawili. Msongo ni rahisi, tunao tayari. Ni kitenzi kilekile cha kusonga, cha kitu kinachokandamizwa tena na tena kama ugali chini ya mwiko, na ndivyo askari hawa wanavyoeleza: halikuwa tukio moja, ilikuwa miezi. Operesheni ndiyo inayoharibu. Mwambie mama yeyote hospitalini kwamba mwanawe ana jeraha la operesheni, atauliza nyuzi zinatolewa lini. Kusema "vita" nako hakutoshi, kwa sababu kikosi cha Rwanda hakikwenda kupigana, kilikwenda kulinda amani. Napendekeza jeraha la msongo wa utumishi. Utumishi ni neno ambalo kila askari analo katika karatasi zake, nalo linamkumbusha mwajiri kwamba jeraha lilipatikana kazini.

Tuje sasa kwa huyo anayesaidia. Si daktari, si mnasihi, wala hapimi mtu. Ni askari aliyejeruhiwa vivyo hivyo, akatibiwa, akasimama, kisha akafunzwa. Kikao chenyewe ukikitazama ni kitu kidogo: watu wawili kwenye mgahawa, vikombe viwili vya kahawa. Mgeni anachagua kiti kilichoupa ukuta mgongo, kinachotazama mlango. Mwenyeji wake hashangai wala haulizi. Anajisogeza ili asimzibie mlango. Robo saa nzima wanaweza kuzungumzia gari bovu. Halafu mgeni anasema halali usiku, na badala ya kuulizwa "tangu lini?" anaambiwa, "Mimi ilinichukua miaka minne kulala taa ikiwa imezimwa." Basi. Msaidizi hafungui hadithi yake yote, kwa kuwa siku hii si yake. Anachojua ni namna ya kumfikisha mwenzake kwa mtaalamu, fomu gani ijazwe, na nini cha kumwambia mke. Siri anaitunza, isipokuwa uhai ukiwa hatarini. Naye analindwa: hapewi kazi hii kidonda chake kikiwa bado kibichi, maana anaweza kuumia upya, na kumuumiza anayemsaidia.

Kwa nini yeye na si mwingine? Wahenga walishajibu kwa njia mbili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali ya pili inauma zaidi, kwa kuwa inasema kosa letu sote: mzigo ulio juu ya kichwa cha mwingine huonekana mwepesi kama pamba.

Hapa ndipo rika linaposhindwa. Mtaani kwetu kuna mzee aliyepigana Vita ya Kagera mwaka 1978 na 1979. Mkesha wa mwaka mpya, fataki zikianza, huingia ndani na kufunga madirisha yote. Kwa miaka mingi alikuwa akiletewa mgeni mmoja tu usiku huo, mzee aliyemzidi miaka kumi na mitano, ambaye vitani alikuwa mgambo. Walikaa gizani, redio ikiwa juu. Baada ya mgeni huyo kufariki nilimwamkia, nikamwuliza kama rika lake hawawezi kuja kukaa naye. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Rika langu ni hawa ninaocheza nao bao. Nawapenda, lakini baruti hawaijui. Yule alikuwa mwenzangu."

Mwenzangu. Neno hili halisimami peke yake. Lazima liseme ni mwenzi wa nani, na katika nini. Umri haliuulizi, cheo haliuulizi. Wapo wanaopendekeza "msaada wa wenza", ila tahadhari: katika kliniki zetu mwenza ni mke, mume au mpenzi, na askari ataambiwa aje na mkewe. Wengine wamejaribu "mshauri rika", na hilo lina makosa mawili, kwani msaidizi huyu hashauri. Nilivutiwa na "msindikizaji", kwa ile desturi yetu ya kumtoa mgeni mpaka njia panda, lakini kwa watangazaji wa mpira msindikizaji ni timu isiyo na matumaini ya kombe. Hatumpi askari jina hilo.

Na "mkongwe wa vita" tulitumie kwa uangalifu. Desemba 2017 kambi ya Semuliki huko Kivu Kaskazini ilishambuliwa, na walinda amani zaidi ya 10 wa Tanzania wakauawa. Waliokuwa nao usiku ule wengi ni vijana. Ukiwaita wakongwe, hawatageuka kujua kwamba ni wao wanaoitwa.

Kwa wahariri, wakalimani na wote wanaoandaa vipeperushi vya hospitali za jeshi: rika tuwaachie vijana wa zahanati, ambako linafanya kazi nzuri. Kwa askari tuandike msaada wa wenzao, na anayeutoa aandikwe kama yule mzee alivyomwita mgeni wake.