Saa za Rubani: Historia ya Sharti Moja na Maneno Yake

Mwalimu mmoja wa Kwedizinga, kule Uziguani, alipata kutuuliza swali lililotushughulisha kuliko tulivyotazamia. Wanafunzi wake walikuwa wamesoma tangazo la kazi ya urubani lililofasiriwa kwa Kiswahili, nalo lilidai kwamba mwombaji "awe ameruka saa 1500". Mmoja akauliza kama abiria anayesafiri mara kwa mara naye huhesabiwa. Mwingine, ajuaye kusoma saa kwa mtindo wa kijeshi, akadhani ni saa tisa alasiri. Twakiri kwamba kosa halikuwa la wanafunzi.

Neno rubani ni kongwe kuliko eropleni. Lilitufikia kutoka Kiarabu, na kwa muda mrefu lilikuwa mali ya bahari: rubani ndiye aliyejua miamba, mikondo na milango ya bandari. Yule aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498 hatudhani kwamba aliulizwa amekaa chomboni saa ngapi. Yatosha kwamba aliijua njia. Neno lilipopanda angani lilikwenda na heshima yake, ila kipimo kilibadilika. Mwaka 1944 mataifa yalikutana Chicago na kutia sahihi Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa. Kiambatisho chake cha Kwanza, kihusucho leseni, kikapitishwa mwaka 1948. Kwa kanuni hizo kama zilivyo leo, leseni ya rubani binafsi yataka saa 40; ya biashara saa 200, au 150 kwa aliyepitia mafunzo yaliyoidhinishwa; na ile ya juu kabisa, ambayo nahodha wa ndege kubwa za abiria hana budi kuwa nayo, saa 1500, zikiwamo 100 za usiku.

Katika nchi zetu sharti hili halikuwa hesabu tupu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi mwaka 1946, na kwa miaka mingi marubani wake wengi walikuwa wageni. Saa zilipatikana kwa kuajiriwa, na ajira ilitaka saa. Kijana wa hapa angeanzia wapi? Mwaka 1971 Jumuiya ilifungua shule ya urubani Soroti, Uganda. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na mwaka huo huo Shirika la Ndege Tanzania likaundwa. Shule ya namna ile huweza kumfikisha mwanafunzi kwenye leseni ya biashara, lakini kati ya saa 200 na saa 1500 pana pengo ambalo shule hailijazi. Wengi hulijaza kwa kurusha ndege ndogo ziendazo mbugani na visiwani.

Je, saa hizo ni uzoefu? Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Bunge la huko lilitunga sheria mwaka 2010, na kuanzia mwaka 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege akatakiwa, kwa kawaida, awe na saa 1500, ilhali zamani leseni ya biashara ya saa 250 ilimtosha. Ajabu ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wamekwisha kuzivuka saa 1500. Wapo waliolisema jambo hili tangu mwanzo, na kanuni za kimataifa zenyewe, tangu mwaka 2006, zimeruhusu leseni nyingine ya rubani msaidizi inayopatikana kwa saa 240 za mafunzo yaliyopangwa kwa umahiri. Mabishano hayajaisha, wala si yetu kuyaamua.

Lililo letu ni maneno. Barabara ya Handeni na Korogwe yatufundisha vya kutosha: utingo aweza kukaa ndani ya lori miaka 10, akijua kila kona na kila daraja, na asiwe dereva. Ameendeshwa, hajaendesha. Vivyo hivyo, kuruka ni kwa abiria na rubani sawia, bali kurusha ni kwa rubani peke yake. Kadhalika, mfasiri aandikapo "uzoefu wa saa 1500" anafungia ndani ya neno moja mambo mawili ambayo ajali ya Buffalo iliyatenganisha. Saa huhesabika, kuzoea hakuhesabiki. Kwa hiyo twapendekeza "muda wa kurusha ndege" pale panapotajwa tarakimu, na "uzoefu" uachiwe maelezo ya aina ya ndege na ya kazi. Tangazo lile lingesomeka: "awe amerusha ndege kwa muda usiopungua saa 1500, kama ilivyothibitishwa katika daftari lake la safari". Na zile 100 ziandikwe "saa 100 za kurusha ndege usiku", kwani "saa 100 usiku" hakuna saa ya ukutani inayoifikia.

Limebaki gumu moja. Kanuni zinaruhusu hadi saa 100 kati ya zile 1500 zifanywe katika mtambo wa mafunzo unaoiga ndege, ambao hauondoki chini hata kidogo. Hapo hata "kurusha" kunakuwa kwa kuazima. Kwa sasa twauita "mtambo wa kuigiza urushaji", jina refu mno kwa tangazo la gazeti. Mwalimu wa Kwedizinga ametuletea "kiigandege". Wasomaji wenye neno lililo bora watuandikie kabla orodha haijapelekwa kwenye kamati ya usanifishaji.